Kaunta Buku ya Mheshimiwa

Jumatatu

Mheshimiwa katimiza miezi sita na kamati ya chakula imekaa. Wajumbe ni Mama Mtoto, mimi, dada wa kazi, na mama mkwe kwa simu kutoka Pangani. Mama mkwe alifunga mjadala kabla haujafunguliwa: uji mwepesi wa mtama, basi. Yai lisubiri mpaka aseme, maana mtoto akilishwa yai kabla ya kusema huchelewa kusema, na akishasema huwa mwizi. Samaki mpaka apate meno. Karanga mpaka aweze kwenda dukani mwenyewe.

Mama Mtoto alingoja salio la mama yake liishe, kisha akafungua pochi akatoa alichoandikiwa kliniki. Mheshimiwa ana pumu ya ngozi, si kali, iko kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Daktari kasema mtoto wa aina hii ndiye hasa wa kuanzishiwa karanga na yai akikaribia miezi sita, sambamba na uji, hapa hapa nyumbani. Ingekuwa kali, au kama yai lingekuwa limeshamdhuru, angepimwa kwanza hospitali. Maziwa ya mama yanaendelea. Asali hapana mpaka mwaka mmoja, lakini hiyo ni kesi nyingine, haihusu mzio.

Nimenunua kaunta buku ya kuwekea kumbukumbu. Iliyobaki dukani ina picha ya mcheza mieleka.

Suala la nani atamweleza mama mkwe lilijadiliwa nilipokwenda kuchota maji. Niliporudi nilikuta nimeshateuliwa.

Jumanne

Karanga kutoka soko la Mgandini, hapa Tanga. Nesi alisisitiza: zichambuliwe. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupa, kwa sababu ya sumukuvu, na usijidanganye kwamba kuikaanga kunaimaliza sumu. Wako wanaodhani sumukuvu ni habari ya redioni tu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kwa hiyo nimekaa na ungo tangu magharibi, punje moja moja, nzuri bakuli la kulia, mbaya bakuli la kushoto.

Kazi hii inampa mtu nafasi ya kufikiri. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa kuja kutulimia karanga, wakaufuta mpango wenyewe mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Sasa ushauri wa kumlisha mwanangu karanga nao asili yake ni London. Safari hii hawakuleta trekta.

Nilipokwenda kuswali isha, dada wa kazi alisafisha meza. Alimimina mabakuli yote mawili kwenye sufuria moja. Aliniuliza kama nilikuwa nimemaliza kucheza bao.

Nimechambua upya.

Jumatano

Siku ya kuonja. Masharti: mtoto awe mzima, asiwe na homa wala mafua. Iwe mchana, si usiku. Mtu mzima mmoja awe naye kwa saa mbili bila shughuli nyingine. Karanga zisagwe mpaka ziwe laini kabisa, zizimuliwe kwa maji ya moto, zipoe. Punje nzima mtoto mdogo hapewi, awe na mzio asiwe nao, kwa sababu humkaba. Uingereza wanasema mpaka afike miaka 5.

Niliomba ruhusa kazini. Kwenye fomu, mahali pa sababu, niliandika "karanga". Bosi alipiga saini.

Nilikodi bajaj ikae nje tayari kwa safari ya hospitali. Dalili nilizibandika mlangoni: midomo au macho kuvimba, vipele vya ghafla kama vya upupu, kutapika, kukohoa mfululizo, kupumua kwa mlio, kulegea. Nyingi huja dakika chache baada ya kula, na kwa kawaida hazipiti saa mbili. Kupumua kukibadilika au mtoto akilegea, hakuna cha kumpaka wala kumnywesha, ni kukimbia. Bwana wa bajaj alizisoma zote, akaomba maji ya kunywa.

Tulianza na ncha ya kijiko. Mheshimiwa aliilamba, akatazama dari, akanyoosha mkono kukitaka kijiko chenyewe. Sharti ni kungoja dakika kumi ndipo apewe kilichobaki. Hazijaisha, kipele kikubwa chekundu kikatokea kwenye paji lake la uso. Mama Mtoto akavaa viatu. Bajaj ikawashwa. Kipele kingine kikatokea kwenye shavu langu. Ni mbu. Bajaj ikazimwa.

Alimaliza kilichobaki taratibu. Kwa saa mbili hakikutokea kitu, nami nilikaa nakitazama kisitokee. Bwana wa bajaj aliingia kuuliza kama bado, akaona bakuli la karanga za kusaga na mkate pembeni, akavuta kiti. Fedha ya kusubiri ilizidi nauli ya kwenda hospitali na kurudi. Mkate hakuulipia.

Alhamisi

Basi la Pangani limeleta chupa ya mafuta ya ufuta, lita nzima, kutoka kwa mama mkwe. Ni ya kumkanda Mheshimiwa, hasa kwenye ile mikunjo iliyochubuka.

Ndipo uteuzi wangu ulipoanza kazi. Jambo lenyewe halina ugumu. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza walieleza kuwa watoto waliopakwa mafuta na krimu zenye karanga kwenye ngozi yenye vipele walielekea zaidi kupata mzio wa karanga. Profesa Gideon Lack wa King's College London amekuwa akilieleza hivi: kinga ya mwili ikikutana na chakula kwa mara ya kwanza kwenye ngozi iliyopasuka, hukiona adui, ikikutana nacho tumboni, hukizoea. Na ufuta umo kwenye orodha ya vyakula vya namna hiyo. Aule, asipakwe.

Ugumu ni kumwambia hayo mama mkwe. Nilianza na shikamoo. Nikapita kwenye mvua. Nikapita kwenye bei ya nazi. Nilipofika kwenye ngozi salio likaisha. Nikaongeza salio, nikaanza tena na shikamoo.

"Mama, daktari kasema ufuta aule."

"Aule?"

"Aule, Mama. Kwa kijiko."

"Na ngozi apakwe nini, baba? Uji?"

Nikasema mafuta ya mgando yasiyotiwa manukato. Mama mkwe akasema anaona heri aje mwenyewe.

Chupa niliiweka juu ya kabati, mbali na watoto. Dada wa kazi si mtoto. Jioni alikaangia maandazi lita yote. Yalikuwa maandazi mazuri.

Jumamosi

Yai. Tuliacha siku zipite kwanza, maana chakula kigeni huanzishwa kimoja kimoja ili kikileta matata kijulikane. Yai lichemshwe mpaka kiini kiwe kigumu. Bichi, au lenye kiini cha majimaji, hapana. Gesi iliisha maji yakiwa vuguvugu, nikawasha mkaa.

Mheshimiwa alilipokea yai lililopondwa na maziwa ya mama yake, akaliweka shavuni, akalitunza. Nilipombeba kumuaga kwenda kwenye nikahi akanirejeshea lote begani, kwenye kanzu. Kanzu nyingine ilikuwa kwa fundi. Msikitini aliyekaa kulia kwangu alisogea. Aliyekaa kulia kwake naye akasogea, hivyo nafasi ilikuwepo ya kutosha.

Niliporudi, kidevu chake kilikuwa chekundu. Nikampigia daktari. Daktari akauliza kala nini kingine. Mimi nikauliza nyumbani. Dada wa kazi akasema alimpa kipande cha nyanya akilambe kwa kuwa alikuwa anakililia. Daktari akasema nyanya, chungwa na nanasi huchoma ngozi ya kidevu, hasa ya mtoto mwenye pumu ya ngozi. Wekundu hubaki pale pale maji yake yalipogusa na kupotea wenyewe. Tumpake mafuta ya mgando kidevuni kabla ya kula.

Tumempaka. Kila anachokula sasa kinateleza mpaka kifuani.

Jumatatu

Kuonjesha ni kazi ya asubuhi moja. Zilizobaki hakuna aliyenieleza. Katika utafiti wa London ulioleta ushauri huu, watoto waliopangiwa kula karanga walilishwa angalau gramu 6 za protini ya karanga kwa wiki, kwa milo mitatu au zaidi, mpaka wakafika miaka 5. Hiyo ni mara tatu kwa wiki, mvua ije isije, mshahara utoke usitoke, mtoto atake asitake. Mtu aliyezoea kipaimara cha siku moja, au chanjo ya kuchomwa mara moja ukaondoka, hawezi kuipenda ratiba hii.

Leo kopo la karanga za kusaga, lililoandikwa MHESHIMIWA TU, nimelikuta tupu. Nimefanya uchunguzi. Mama Mtoto kasema kunyonyesha kunatia njaa. Dada wa kazi kasema ni panya. Panya huyo alirudishia kifuniko na kukikaza. Mimi sikuhojiwa, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nahoji.

Kuna utafiti mwingine wa huko huko London, wa watoto zaidi ya 1,300 wa kunyonya. Kundi moja lilipangiwa vyakula sita tangu miezi mitatu: maziwa ya ng'ombe, karanga, yai, ufuta, samaki mweupe na ngano. Zaidi ya nusu ya wazazi wa kundi hilo hawakuimudu ratiba. Nimewaonea huruma kwa dhati. Na wao walikuwa na umeme.

Jumanne

Umeme umekatika tangu jana. Mtindi wa Mheshimiwa umeendelea kuwa mtindi kupita ilivyotakiwa.

Jumatano

Dada yangu kapiga simu kutoka London. Anakuja likizo na binti yake, wiki ijayo.

Mpwa wangu alizaliwa mwaka 2004. Tangu 1998 ushauri rasmi wa Uingereza ulikuwa kwamba familia zenye pumu au pumu ya ngozi ziwaepushe watoto na karanga mpaka watimize miaka 3. Wamarekani nao mwaka 2000 wakasema hivyo hivyo kwa watoto wa familia kama hizo: yai mpaka miaka 2, karanga na samaki mpaka 3. Dada yangu ana pumu tangu tuko shule. Akashika ushauri kama ulivyo. Nyumba haikuingia hata kashata. Binti alipofika miaka minne, kwenye sherehe ya mwenzake, akala kipande cha keki, midomo ikavimba, akabebwa na ambulensi. Tangu hapo hatembei bila sindano mbili za adrenalini.

Ushauri ule Wamarekani waliuondoa mwaka 2008, Waingereza 2009. Mwaka 2008 huo huo Lack na wenzake walitoa ulinganisho wa watoto wa Kiyahudi: wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga takriban mara kumi ya wenzao wa Israeli, ambako watoto hupewa mapema vitafunio vya karanga viitwavyo Bamba. Ndipo, kwa ule utafiti wa London, wakakusanya watoto 640, wa miezi 4 hadi 11, wenye pumu ya ngozi kali au mzio wa yai, au vyote viwili. Nusu wakalishwa karanga, nusu wakaepushwa. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Kufikia miaka 5, walioepushwa asilimia 17.2 walikuwa na mzio wa karanga. Waliolishwa, 3.2.

Binti alikuwa na miaka kumi na moja habari hiyo ilipofika kwenye gazeti. Dada anasema aliikata akaiweka kwenye faili moja na kile kipeperushi cha ushauri wa zamani. Hakuna anayeweza kumwambia kwamba binti yake angelishwa mapema angeponea. Hata kati ya waliolishwa, asilimia 3.2 hawakuponea. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia hilo, kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya maji.

Kisha akauliza nyumba yangu ina karanga kiasi gani. Nikatazama jikoni. Nikamwambia nitampigia baadaye.

Jumamosi

Mkutano wa dharura. Kwa upande mmoja Mheshimiwa lazima ale karanga mara tatu kwa wiki. Kwa upande mwingine mpwa wangu asikaribie karanga, na anataka kulala chumba kimoja na Mheshimiwa na kumbusu.

Mama mkwe kafika kwa ajili ya suala la ngozi, akakuta hili. Nilijiandaa kueleza kinga ya mwili. Hakuhitaji. "Ana mwiko," alisema, na jambo likaisha. Mambo ya mwiko anayajua kuliko sisi sote. Kinu kimetolewa nje. Mchi umefuata. Ungo umepelekwa kwa jirani. Sufuria zimesuguliwa kwa mchanga, kisha sabuni, kisha mchanga. Mchicha wa karanga umefutwa kwenye orodha. Nililala bila chakula cha jioni kwa sababu hapakuwa na chombo kilichopitishwa.

Mheshimiwa atakulia barazani kwa jirani.

Jumatatu

Wageni wamefika. Utaratibu wa barazani umeanza. Mheshimiwa anabebwa kwa jirani, anavuliwa, analishwa, anaoshwa uso na mikono kwa sabuni, anavalishwa nguo nyingine, anarudishwa. Anayemlisha naye ananawa mikono kwa sabuni. Maji matupu hayatoshi, na ile jeli ya kupaka mikononi haiondoi karanga, inaitembeza tu. Ninayemlisha ni mimi. Watoto wa jirani wanakuja kutazama. Mmoja ameuliza kosa alilofanya mtoto.

Jirani anaona karanga zinaliwa kwake na hajakaribishwa. Nimeanza kumbebea za kwake.

Jumanne

Mpwa wangu aliweka mkoba wa sindano juu ya meza ya chumbani. Dada wa kazi, akiwa na nia njema, alizitoa akazipeleka kwenye friji, kwa sababu dawa ya maana hukaa kwenye friji.

"Mjomba," binti alisema kwa upole, "hizi hazikai kwenye friji."

Wala juani. Zinatakiwa mahali pasipozidi nyuzijoto 25. Nimezunguka nyumba nzima na kipimajoto. Tanga mwezi wa pili mahali hapo hapapo, kwa hiyo ana kimfuko maalumu cha kuzuia joto. Tulipozitoa kwenye friji tukakuta hazijapoa hata kidogo. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Ni mara ya kwanza jambo hilo kutusaidia.

Alimfundisha kila mmoja namna ya kuchoma: upande wa nje wa paja, hata juu ya suruali, kubonyeza na kushikilia, kisha hospitali hata kama amepata nafuu. Tulifanyia mazoezi sindano ya bandia isiyo na ncha. Mama mkwe alilichoma paja langu kwa nguvu ambayo sidhani ilikuwa ya mazoezi peke yake. Lile suala la mafuta ya ufuta halijaisha.

Alhamisi

Mheshimiwa kaonjeshwa samaki. Changu, aliyechemshwa, aliyetafutwa miba na watu watatu. Kamtema. Baadaye kapewa tena, kamtema tena. Mama mkwe kasema alisema: mpaka meno.

Ngozi ya viwiko imepungua wekundu. Mama mkwe anasema ni dua. Daktari anasema ni mafuta ya mgando. Mafuta ya mgando yenyewe yamenunuliwa na mimi, na hakuna aliyelitaja hilo.

Jumapili

Wageni wameondoka. Tumewasindikiza stendi ya Kange alfajiri. Mama mkwe hakulala. Alipika kashata za nazi za njiani. Kwa ajili hiyo alinunua sufuria mpya na mwiko mpya, na sukari akaifungua mfuko ambao haujaguswa. Alimkabidhi binti zikiwa zimefungwa kwenye jani la mgomba.

"Hazina karanga, mwanangu. Nimepika kwa mkono wangu."

"Asante, Bibi," binti alisema. Akauliza taratibu zilikatiwa kwenye nini.

"Sinia."

"Jipya?"

"Sinia ni lile lile la siku zote. Limeoshwa."

Binti alimbusu mkono, akapokea, akapanda basi. Dereva alipowasha akanipitishia kifurushi dirishani, upande ambao mama mkwe haoni, akasema, "Mjomba, kula wewe." Nikakitia chini ya shati. Mama mkwe alipunga mkono mpaka basi likapotea, kisha akapata bodaboda na Mama Mtoto. Mimi nikabaki kungoja daladala.

Nilikuwa sijanywa chai. Nazi ilikuwa imekunwa vizuri na iliki haikuzidi. Kwenye kashata ya mwisho nilitafuna kitu kigumu nikakitoa. Nusu ya karanga, imekaangwa sawasawa.